Mzee Asitengewe Sahani

Katika kaya nyingi za Bariadi, mkoani Simiyu, ugali wa jioni haugawanywi sahani kwa sahani. Unapakuliwa kwenye sinia moja, mboga kwenye bakuli moja, watu wananawa na kuzunguka. Kila mmoja anamega tonge, analifinyanga, analibonyeza kwa dole gumba lipate kishimo, kisha anachota mlenda. Zamani wanaume wa Kisukuma walikula hivyo shikome, kando ya moto wa jioni, wazee wakiwafunza vijana huku mikono ikipishana kwenye chombo.

Sasa mzee wa kaya anarudi kutoka kliniki. Ameambiwa ana presha, au sukari, au vyote viwili. Kuanzia jioni hiyo anatengewa sahani yake: kijiugali kidogo, mboga isiyo na chumvi, tena ameketi pembeni, anawasikia wajukuu wakila na kucheka. Siku tatu za kwanza anavumilia. Wiki ya pili anasema dawa zimemchosha. Mwezi haujaisha, amerudi kwenye sinia na anakula kama zamani, pengine kuzidi.

Watoto wake watasema mzee ni mkaidi. Mara nyingi wanamwonea. Kilichomshinda si ugali mdogo. Kimemshinda kile kitendo cha kutengwa, kwa sababu huku Usukumani kula peke yako ni habari nzito, na mtu aliyeongoza sinia kwa miaka arobaini hawezi kuhamishwa kama mgonjwa wa kuambukiza halafu akategemewa kushukuru.

Tatizo lenyewe limekua mbele ya macho ya kizazi kimoja. Mwaka 1989 watafiti wakiongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kupima kisukari katika vijiji vya Tanzania, na waliokutwa nacho hawakufika mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa ulikikuta kwa watu wapatao 9 katika kila 100, na shinikizo la juu la damu kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne. Tafiti hizo hazikufanana kwa namna ya kupima, na huu wa pili ulihusisha mijini pia, lakini mwelekeo unaonekana. Novemba 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua jijini Dodoma mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Jambo moja katika ule utafiti wa 2012 linastahili kuangaliwa: waliopimwa walikuwa wa miaka 25 hadi 64. Bibi wa miaka 70 hakuhesabiwa.

Na bibi huyo ndiye mwenye kibarua kigumu zaidi. Simiyu, mkoa uliomegwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na Mwanza, ni nchi ya pamba na ng'ombe. Aliyelima pamba kwa jembe la mkono, akapalilia, akachuma, kisha akatembea kwenda mnadani na kurudi, alihitaji ugali mwingi na mwili uliutumia wote. Leo magoti yanauma, pamba wanalima vijana, na mnadani anapelekwa na bodaboda. Kipimo cha ugali kimebaki kile cha enzi ya jembe. Isitoshe, misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari ya kwenye damu baada ya mlo. Ulimi nao hupoteza ukali wa ladha, ndiyo maana mzee huona mboga imepooza na kuagiza chumvi iongezwe. Hakuna ulafi hapo, ni mwili umebadilika.

Basi kinachofaa kubadilishwa ni chungu cha kaya nzima.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na ile iliyomo ndani ya viungo vya pakiti. Ikikatwa ghafla, kila mtu atasusa. Ikipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ulimi huzoea. Wakati huo ladha itafutwe kwingine: karanga zilizosagwa ndani ya mboga, nyanya, kitunguu, limau, pilipili kwa anayeiweza. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, ikipikwa kwa karanga ina utamu wake wenyewe hata chumvi ikiwa haba. Wanaoianika wafahamu kwamba kivulini hubakiza vitamini A zaidi kuliko kwenye jua kali. Kijana anayetaka chumvi zaidi aongeze ya kwake, na mzee asionekane kama ndiye anayewanyima watu ladha.

Ugali unahitaji maneno mengi zaidi, maana hapa kuna imani mbili zinazozunguka vijijini.

Ya kwanza inasema ugali wa mtama au uwele hauna sukari, kwa hiyo mwenye kisukari ale atakavyo. Si kweli. Mtama ni wanga kama mahindi, na wanga wote huishia kuwa sukari mwilini. Tofauti yake ni kwamba nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi, inashibisha mapema, na mara nyingi hupandisha sukari polepole kuliko sembe. Kiasi bado kinahesabiwa. Kwa anayekula kwenye sinia, kipimo rahisi ni kujumlisha matonge yake mpaka yalingane na ngumi yake mwenyewe, kisha mkono uhamie kwenye mboga na kunde. Anabaki sinia moja na wenzake, wala hakuna anayemhesabia.

Ya pili ni kwamba dona ni chakula cha dhiki. Mahindi yanapelekwa mashineni, yanakobolewa yawe meupe, na pumba wanapewa kuku. Inaumiza kuona sehemu yenye nyuzinyuzi na vitamini nyingi ikitupwa hivyo wakati mzee ndani ya nyumba analalamika choo kigumu. Lakini dona linataka mahindi safi. Sumukuvu inayoletwa na ukungu haiishi kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga vikaushwe vizuri, vilivyooza na vyenye ukungu vichaguliwe vitolewe, na wala visipewe mifugo.

Michembe na matobolwa pia huuliziwa sana. Yote ni viazi vitamu: michembe hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Maji yakishatoka, wanga na utamu hubaki vimejazana mahali padogo, na kiganja kimoja cha vipande vikavu huwa na viazi vingi kuliko macho yanavyodhani. Mwenye kisukari anaweza kuvila, ila vichukue nafasi ya ugali badala ya kuja juu yake, na chai ya pembeni isiwe na sukari.

Wakati huohuo mzee asipunguziwe kila kitu. Hapa familia nyingi hukosea kwa nia njema: ugali umekatwa, nyama imekatwa, maziwa yamekatwa, na baada ya miezi sita mzee amebaki mifupa na anaanguka njiani kwenda msalani. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zaidi kidogo ya kijana, isipokuwa kwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo ambao wapate maelekezo ya daktari. Simiyu haijapungukiwa na protini. Kuna choroko, dengu na kunde. Kuna maziwa mgando, ambayo hata waliokosa meno wanayamudu. Kutoka ziwani, upande wa Busega, wanakuja dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo ina kalisi. Kwa asiye na meno, dagaa waoshwe mchanga, wakaushwe kwenye moto, watwangwe kwenye kinu mpaka wawe unga, kisha vijiko viwili vikorogwe kwenye mlenda. Unashuka kooni bila shida.

Chakula peke yake hakitoshi; misuli nayo inataka kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wanaoweza wapate angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili siku tatu. Kutembea hadi kwa jirani na kurudi kunahesabiwa. Kuinuka kwenye kiti kigumu mara kumi bila kujisukuma kwa mikono ni zoezi la miguu lisilogharimu chochote, na mjukuu anaweza kusimama karibu kwa usalama.

Limebaki jambo ambalo familia zenye bidii husahau. Kaya iliyoamua kumlinda mzee huondoa sukari yote nyumbani. Mzee anameza vidonge vyake au anachoma insulini asubuhi, uji unachelewa, au anapita msibani na hali kitu mpaka alasiri. Anaanza kutoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanapishana, na watu wanadhani ni uchovu au amelogwa. Sukari yake imeshuka. Kama bado anaweza kumeza, akorogewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe hapo hapo, na baada ya robo saa ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu, asiwekewe kitu mdomoni, alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo kikopo kidogo cha sukari kiwepo ndani, kifungwe vizuri kwa ajili ya sisimizi, na kila mtu wa kaya, hadi mtoto wa darasa la tatu, ajue kinakaa wapi.