Nafasi ya Kitako: Upenyo Usioonekana Ndani ya Bunduki

Mwaka 1914 Uvira ilikuwa kituo cha Wabelgiji, na ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Majeshi hayo yalitazamana kwenye bonde la Ruzizi hadi 1916. Bunduki zao zinafaa sana kueleza nafasi ya kitako, kipimo ambacho kila anayejaza upya maganda ya risasi hana budi kukijua: umbali kutoka uso wa bolti hadi pale ganda linapozuiwa lisisonge mbele zaidi ndani ya chemba. Ganda likiwa fupi kuliko umbali huo, tofauti hubaki kama upenyo nyuma ya kitako chake.

Ganda huzuiwa na nini? Hapo ndipo bunduki zinapotofautiana. Mwanzoni mwa vita askari wengi wa Wajerumani walibeba Mauser ya 1871, ya milimita 11 na baruti nyeusi. Risasi yake ina ukingo mpana kitakoni, na ukingo huo ndio unaokwama mdomoni mwa chemba. Ndivyo ilivyokuwa kwa bunduki kuukuu aina ya Albini za Force Publique, jeshi la Wabelgiji huko Kongo, na kwa .303 ya Waingereza walioleta boti zao Lukuga, kando ya ziwa hilo, mwaka 1915. Lakini Mauser ya 1898, na ile ya 1889 ya Wabelgiji, hutumia risasi isiyo na ukingo wa namna hiyo. Ganda lake huzuiwa na bega, yaani pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni.

Unene wa ukingo hupimwa kwa kalipa ya kawaida. Bega ni mteremko, na mteremko hauna ncha ya kushika. Ndiyo maana mafundi hufunga kwenye kalipa kipande cha chuma chenye tundu, bega likae humo kwenye duara lilelile kila mara. Namba inayosomwa peke yake haina maana kubwa; yenye maana ni tofauti kati ya ganda lililofyatuliwa katika bunduki hiyo na ganda hilohilo baada ya kupitishwa kwenye kalibu inayolirudishia umbo.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Risasi ikilipuka, shinikizo hukandamiza kuta za mbele za ganda kwenye chemba, nazo hung'ang'ania. Kitako husukumwa nyuma hadi kikutane na bolti. Kama kuna upenyo, shaba hunyooka ili kuuziba, na hunyooka palepale juu kidogo ya kitako. Kisha fundi asiye makini huteremsha kalibu mno, bega linarudishwa nyuma, upenyo unazaliwa upya, na mlipuko unaofuata unanyoosha tena sehemu ileile. Mstari unaong'aa ukionekana kuzunguka ganda karibu na kitako, ganda hilo ni la kutupwa. Likikatika ndani ya chemba, gesi moto huweza kurudi nyuma, usoni mwa aliyeshika bunduki. Kwa bunduki ya bolti, wajazaji wazoefu hurudisha bega kwa takriban milimita 0.05 tu, na kalibu hugeuzwa kidogo kidogo, kila mgeuzo ukifuatwa na kipimo. Kuikaza hadi mwisho bila kupima ni uzembe, hata kama risasi itaingia chembani kwa ulaini.

Kazi kubwa ya kutengeneza upya risasi katika vita hivyo ilifanyika mbali na ziwa. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojaa silaha kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikaishia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi ziliopolewa zikiwa zimelowa maji ya bahari. Zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, na baadhi ya fataki, yaani viwashio vya baruti vilivyo kitakoni, zikabadilishwa. Nyingine ziligoma kulipuka hata baada ya hapo, kwa sababu ya unyevu. Lakini maganda yake yalikuwa hayajawahi kufyatuliwa: mabega yalikaa palepale kiwanda kilipoyaweka, wala hakuna chemba iliyokuwa imeyavuta. Kwa hiyo mafundi wale waliweza kushughulikia baruti na fataki bila kugusa umbo la ganda. Maganda yaliyookotwa bondeni Ruzizi baada ya mapigano yangehitaji kwanza kalibu na kalipa, na kila moja lingekuwa limechukua umbo la chemba ya bunduki iliyolitema.