Picha za Jarida Letu, na Ruhusa Zake

Wanachama wengi wametuuliza kwa nini toleo lililopita lilitoka bila ya picha hata moja. Toleo la kabla yake lilikuwa na picha nzuri ya karafuu zimeanikwa juani, tuliyoitoa katika intaneti. Haukupita mwezi tukaletewa barua na mwenye picha, anadai malipo yake. Tulilipa, na fedha zenyewe zilikuwa za kununulia majamvi. Tena mzee mmoja mwanachama aliitazama ile picha akasema, "Shamba hili si la kwetu." Kweli, ilipigwa Madagaska.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kitu kilichowekwa wazi hakina mwenyewe. Mkarafuu ulio kando ya njia una mwenyewe, na kila mpita njia anajua. Picha nayo huwa na hakimiliki tangu inapopigwa, ijapokuwa haina jina wala alama. Na hapa petu iko Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar, Nambari 14 ya mwaka 2003.

Lakini wako wapiga picha waliopenda wenyewe kumpa kila mtu ruhusa mapema. Wengi hutumia ruhusa za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, nazo hutambulikana kwa herufi. BY maana yake umtaje mwenye picha. SA, ukiibadili picha, uitoe kwa ruhusa ile ile. ND, usiibadili ukaitoa. Basi na kuikata pembeni ili iingie katika safu ni hatari. CC0 ndiyo nyepesi kuliko zote, maana mwenyewe ameachilia haki zake. Iliyotusumbua ni NC, inayokataza matumizi ya biashara. Jarida letu twaligawa bure, lakini nyuma yake pana tangazo la muuza magunia. Je, hiyo si biashara? Tulibishana jioni nzima, mwisho tukaamua kuziacha picha za NC zote.

Mahali tunapoanzia sasa ni Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004. Huko kila picha ina ukurasa wake, unaoeleza ni ya nani na ruhusa yake ni ipi. Humo tumeona mchoro wa mkarafuu kutoka kitabu cha Köhler cha mimea ya dawa, kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1887, ambao muda wa hakimiliki yake umekwisha. Google nayo yaweza kuchuja picha kwa haki za matumizi, lakini hiyo huonyesha njia tu. Yafaa kufungua ukurasa wenyewe na kusoma. Siku ile ile tunaweka nakala ya ukurasa huo katika faili, na chini ya picha twaandika jina la mpiga picha, mahali ilipotoka, na ruhusa yake.

Hata hivyo, mchoro wa 1887 hauwezi kuonyesha jamvi lako wala watu wako. Kwa hivyo twaomba picha kwenu. Picha itabaki kuwa yako. Utatuandikia tu kwamba waturuhusu kuichapa katika jarida, na jina lako litawekwa chini yake. Tafadhali waulize kwanza wanaoonekana ndani yake, na ikiwa ni watoto, waulize wazazi wao. Mwenye kutuma kwa WhatsApp aitume kama faili, maana ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, nayo ikichapwa hutoka na ukungu.

Picha za msimu huu zipelekwe kwa katibu wa tawi kabla majamvi hayajakunjwa. Khasa twataka picha ya watu wanaochambua karafuu na makonyo usiku, kwani hiyo hatujaipata popote yenye ruhusa.