Utangulizi: Kiungo Kati ya Injini na Gari

Barabara ya kutoka Tororo kwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, inapita Mukuju. Nyuma yako Mwamba wa Tororo unabaki ukionekana. Mbele, anga ikiwa safi, ni Mlima Elgon. Ukiiacha lami, kulia au kushoto, unaingia njia za udongo ambazo mvua za Aprili huzigeuza uji. Gari la chini halifiki. Gari kubwa la dizeli linafika, lakini mwenye shamba la muhogo au mwalimu wa shule ya msingi halimudu. Ndiyo maana vijigari vidogo vya foo-wili vilivyotoka Japani miaka ya 1980 bado vina kazi hapa, na ndiyo maana ninapenda mwanafunzi mpya wa fani yetu aanzie mahali kama hapa, chini ya gari, badala ya kuanzia maktaba.

Fani yenyewe haina jina lililokubaliwa. Wengine huiita taaluma ya matengenezo, wengine historia ya ufundi. Mimi husema elimu ya gereji, na wenzangu wananivumilia. Swali lake kubwa ni hili: mashine iliyobuniwa mahali pamoja ikifika mahali pengine na kuzeeka huko, ni nani anayeendelea kuibuni? Kila anayelichukulia swali hili kwa uzito hujikuta, mapema au baadaye, akitazama injini iliyong'olewa kwenye gari moja na kupandikizwa kwenye jingine.

Tuchukue mfano mmoja tukae nao. Suzuki SJ410 ilitoka kiwandani kuanzia 1981 ikiwa na injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 970, nguvu za farasi 45 hivi. Chasi yake ni ngazi ya chuma, springi zake ni za majani kama za lori, na bodi yake nyepesi kiasi kwamba vijana wachache huitoa matopeni kwa mikono. Tuseme injini imekwisha: inakula oili na kutoa moshi wa buluu. Mwenye gari ana njia mbili. Anaweza kuifanyia ovahoo, au kutia injini nyingine. Akichagua dizeli, inayopatikana kwa urahisi ni 2C ya Toyota, ya lita mbili kasoro kidogo, iliyotolewa kwenye basi dogo la TownAce lililokufa bodi.

Kwa nini dizeli? Mtu atakujibu haraka kwamba inakula kidogo. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, haina kabureta, haina koili. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyokandamizwa mara 20 na zaidi, ilhali kwenye petroli ya zamani hewa hukandamizwa mara nane au tisa tu. Ukivuka mkondo wa maji hakuna cheche ya kulowana. Tena Tororo iko katika njia kuu ya malori yatokayo Mombasa kupitia vituo vya mpakani vya Malaba na Busia, na malori ni dizeli. Ujuzi wa pampu na nozeli umelala kando ya barabara hiyo yote. Fundi wa kupima pampu yupo. Fundi wa kurekebisha kabureta ya Suzuki anazidi kuwa mzee.

Wasomi waliotutangulia hawakuanzia kwenye nozeli. Walianzia kwenye ajira. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo iliyowafanya wachumi wakubali kwamba mafundi wa chini ya mti ni sehemu ya uchumi na si aibu ya mji. Kenneth King alifuata mwaka 1977 na kitabu kuhusu mafundi wa Kenya, kisha 1996 akarudi na kingine juu ya jua kali, kama mafundi hao wanavyoitwa huko, akiwa ametazama vitu vyenyewe: taa za kibatari, mashine za kukunja bati, zana zilizotengenezwa kwa zana. Kurt Beck alikwenda Sudan akaandika jinsi malori ya Bedford yalivyovunjwa na kujengwa upya kando ya Mto Nile mpaka yakawa malori mengine kabisa. Joshua Grace, katika kitabu chake cha 2021 kuhusu magari Tanzania, ameziingiza gereji bubu, zile zisizo rasmi, za Dar es Salaam katika historia ya taifa. Wasome wote. Lakini usomapo, jiulize ni ukurasa wa ngapi ambapo mtu amelala chali chini ya gari. Kwa maoni yangu, Beck ndiye aliyelala muda mrefu kuliko wenzake.

Mimi nadai kwamba akili yote ya kazi hii imo katika kiungo. Injini ya 2C ilibuniwa na watu wa Toyota, Suzuki ilibuniwa na watu wa Suzuki, na pande hizo mbili hazikuulizana. Kilichobuniwa Mukuju ni kile kilicho katikati.

Kiungo cha kwanza ni kati ya injini na giaboksi. Matundu ya bolti hayalingani, flaiwili haina kipenyo kile kile, na shafti inayoingia kwenye klachi ina meno ya hesabu nyingine. Njia ya kwanza ya fundi ni kutengeneza sahani: bamba nene la chuma, upande mmoja lina matundu ya Toyota, upande wa pili ya Suzuki. Inasikika rahisi. Kazi iko kwenye kitovu. Shafti ya giaboksi ni lazima ikae katikati ya kombo la injini, yaani krenki, kwa usahihi ambao jicho halioni na rula haipimi. Ikikosea hata kwa unene wa karatasi, beringi ndogo iliyo mwishoni mwa kombo italia, klachi itatetemeka, na baada ya miezi mwenye gari atarudi na maneno. Hapo anahitajika mwenye kerezo. Kiswahili kina kitenzi kukereza tangu zama za maseremala wa mbao, na inanifurahisha kwamba neno lililochonga miguu ya vitanda vya pwani linafaa kabisa kwa chuma cha giaboksi.

Njia ya pili ni ya kijanja zaidi. Fundi haachanishi injini ya TownAce na giaboksi yake; anaileta jozi nzima, kwa kuwa gari hilo nalo lina injini iliyolala kwa urefu na husukuma magurudumu ya nyuma. Hili linawezekana kwa sababu ya tabia moja ya SJ410: transfa yake, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, haikufungwa kwenye giaboksi. Imekaa peke yake katikati ya chasi, na propela fupi ndiyo inayoziunganisha. Basi kiungo kigumu kimehama. Hakipo tena kwenye klachi inayodai usahihi wa nywele. Kimekuwa propela, kitu ambacho mchomeleaji mwangalifu anaweza kukikata, kukiunga na kukisawazisha. Yapo madhara: jozi ya TownAce ni ndefu, propela fupi inazidi kufupika, na pembe ikiwa kali misalaba yake itakwisha mapema. Fundi mmoja atasogeza transfa nyuma. Mwingine atainua injini, kisha agundue kwamba boneti haifungi. Ukitaka kujua kama umempata fundi au mbabaishaji, muulize kwa nini alichagua kiungo kikae pale kilipokaa.

Wapo wanaoiita kazi hii kuungaunga. Nawakumbusha Hispania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Santana, mjini Linares, kilichokuwa kikiunda Suzuki kwa leseni, kilitia injini ya dizeli ya Peugeot ya lita 1.9 ndani ya Samurai, ndugu mkubwa wa SJ410, kikaiuza dukani. Kule ikaitwa toleo jipya.

Turudi kwenye gari letu, kwani injini ikishakaa kwenye mauntini zake ndipo mambo yanapoanza. Dizeli haina klapu ya kubana hewa inayoingia, kwa hiyo haitengenezi ule mvuto wa hewa ambao busta ya breki huutegemea. Toyota ililitatua kwa kufunga pampu ndogo ya kunyonya hewa mgongoni mwa alteneta. Fundi asiyelijua hili hununua alteneta ya bei nafuu isiyo na pampu, gari linawaka vizuri, linatoka getini, na kwenye mteremko wa kwanza pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Nimekaa katika gari la namna hiyo. Sitasema lilikuwa la nani, ila tulisimama kwa msaada wa kichuguu. Tangu siku hiyo huwafundisha wanafunzi wangu kutazama mgongo wa alteneta kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Mafuta nayo yanataka njia ya kurudi: pampu hutuma mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki lazima yarejee tangini. Rejeta ndogo ya Suzuki haitoshi, na 2C ina sifa mbaya ya kupasuka hedi ikichemka. Uzito wa mbele unaongezeka, springi zinalala, difu ya mbele inalikaribia bakuli la oili kila gari linaporuka shimo; jani moja zaidi la springi ndiyo dawa ya kawaida. Haya nayapita haraka kwa kuwa utayaona mwenyewe.

Jambo linalowasumbua wamiliki ni mwendo. Transfa ya SJ410, hata katika gia yake ya juu, hupunguza mizunguko badala ya kuipitisha kama ilivyo, kwa sababu ilitungwa kwa injini ndogo inayopenda kuzunguka kasi. Dizeli haipendi hivyo. Nguvu yake yote imekwisha kutoka kabla ya mizunguko 5,000 kwa dakika. Matokeo yake, gari linapanda kama mbuzi lakini kwenye lami ya Mbale linanguruma kwa mwendo ambao bodaboda hulipita. Dawa ni meno ya difu au matairi makubwa zaidi, na kila dawa inadai breki bora.

Je, inalipa? Mpakani hapa kuna shilingi mbili, ya Uganda na ya Kenya, kwa hiyo mimi huhesabu kwa lita. Tuseme injini ya petroli ilikuwa ikinywa lita 11 kwa kilomita 100 na dizeli inanywa 8. Umeokoa lita 3. Kazi nzima, pamoja na injini, kerezo na rejeta, ikigharimu thamani ya lita 1,500, na bei za mafuta hayo mawili zikiwa zimekaribiana, gharama itarudi baada ya kilomita 50,000. Kwa mwalimu anayekwenda shuleni na sokoni hiyo ni miaka mingi. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba watu hufanya hivi kwa ajili ya mafuta peke yake, mwambie ahesabu. Hufanya hivi ili gari liendelee kuwepo. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi, na Kenya kikomo chake ni miaka minane. Suzuki ya 1985 haina mrithi atakayepita Malaba wala Busia. Iliyopo ndiyo iliyopo.

Kipo pia kiungo cha karatasi. Kadi ya gari, huku kama kule Kenya, ina namba ya chasi na namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kubadilisha kadi, umejenga gari ambalo serikali hailijui, na askari wa kizuizini ana haki ya kushangaa. Omba stakabadhi ya injini kutoka kwa muuzaji. Mwanafunzi anayeandika historia ya gari ataihitaji sawa na mwenye gari.

Na lugha. Katika gereji moja ya upande huu utasikia Kiteso, Kidhopadhola, Kiganda na Kiswahili kabla ya chai ya saa nne, lakini vitu vina majina machache yanayotembea kote: spana, jeki, difu, nozeli, propela. Yaandike kama yanavyotamkwa. Kamusi ya fani hii bado haijaandikwa, na usipoyakusanya wewe, mwanagenzi anayekushikia tochi hatapata muda wa kuyakusanya.

Anza basi na gari moja na daftari moja. Omba ruhusa, vaa nguo usizozionea huruma, chora kiungo kabla hujauliza bei. Na ufike mapema, injini ikiwa bado baridi. Dizeli iliyofungwa vibaya hujitangaza inapowashwa mara ya kwanza asubuhi.