Manukato ya Wanaume: Harufu Ikimbiayo na Harufu Ikaayo

Mwanamume wa Junda, upande wa Kisauni, aendapo arusini au msikitini siku ya Ijumaa, huoga, huvaa kanzu safi, kisha hujipaka manukato. Watu wa pwani tangu zamani wamelihesabu jambo hili kuwa sehemu ya adabu, wala si la wanawake peke yao. Lakini ni wachache wajuao jinsi yatengenezwavyo manukato ya kiume, yale yenye ubichi wa ndimu na ukali wa karafuu. Yafaa tulieleze, maana vitu vyake vingi vyamea karibu nasi.

Kazi ya fundi ni kupatanisha harufu zisizokwenda mwendo mmoja. Harufu ya ganda la ndimu au la chungwa ni nyepesi. Huruka upesi, na baada ya muda mfupi haipo tena. Ya iliki na ya karafuu hukawia zaidi. Ya msandali na ya udi hukaa hata jioni. Basi fundi akitia ndimu peke yake, manukato yatapendeza mlangoni na kwisha njiani. Akizidisha karafuu, mtu atanuka kama mgonjwa wa jino.

Ufundi huu umesafiri mbali. Katika karne ya 18 Johann Maria Farina, mzaliwa wa Italia, alifanya biashara mjini Cologne, Ujerumani. Maji yake ya manukato yenye ubichi wa machungwa yaliitwa kwa jina la mji huo. Mwaka 1938 kampuni ya Shulton ya Marekani ilitoa Old Spice ya wanaume, yenye harufu ya viungo vya chakula.

Nayo karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi ya Seyyid Said. Huko Pemba hata makonyo, yaani vile vijiti vibakivyo karafuu zikisha kuchambuliwa, hayatupwi. Kuna kiwanda Wawi, karibu na Chake Chake, ambako hupitishiwa mvuke. Mvuke huyachukua mafuta, kisha hupozwa ukawa maji, na mafuta yakajitenga. Mafuta mengi ya namna hii huelea. Ya karafuu ni mazito, hivyo huzama. Kwa njia hiyo kitu ambacho kingalikuwa takataka huwa mali.

Kijana atakaye kujaribu nyumbani na ajihadhari. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi. Matone machache tu yatiwe katika mafuta mengi ya nazi, na kwanza apake kidogo upande wa ndani wa mkono, angoje siku nzima. Maji ya ganda la ndimu yasipakwe kabla ya kutoka juani, kwa kuwa huweza kuleta malengelenge na kuacha mabaka meusi.

Naye mnunuzi asitoe fedha zake kwa kunusa mara moja dukani. Apake kidogo mkononi, aende zake, anuse tena alasiri. Dukani hujitokeza ndimu. Lakini atakachokaa nacho, yeye na wale watakaoketi karibu naye, ni kile kibakicho ndimu ikisha kwenda.