Trieste, Bandari Iliyojengwa na Wageni

Trieste uko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Italia, ncha ya juu kabisa ya Bahari ya Adria, karibu na mpaka wa Slovenia. Una wakazi wapatao 200,000. Watalii wengi huishia Venice, kwa hiyo hata kiangazi mitaa yake imetulia.

Utulivu huo usimfanye mtu adhani kuwa mji huu haujazoea wageni. Mwaka 1719 Kaisari Karl wa Sita wa Austria aliutangaza kuwa bandari huru, na Wagiriki, Waserbia, Wayahudi na Waslovenia wakaja kutafuta riziki. Kanisa la Kiorthodoksi la Waserbia, lile la Wagiriki linalotazama bahari, na sinagogi kubwa iliyofunguliwa mwaka 1912 viko mwendo mfupi kwa miguu, kimoja hadi kingine.

Mgeni wa leo huanza na makaratasi. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya, akija kufanya kazi au kusoma kwa muda mrefu, huomba kibali cha ukaazi ndani ya siku nane za kazi tangu aingie nchini. Fomu hupelekwa posta, kisha mwombaji huitwa polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe huweza kuchelewa kwa miezi, hivyo stakabadhi ya posta itunzwe vizuri mno. Namba ya mlipakodi nayo aitafute mapema, maana ndiyo itakayodaiwa atakapoandikisha mkataba wa nyumba au kufungua akaunti ya benki. Mwenye nyumba haruhusiwi kisheria kudai amana inayozidi kodi ya miezi mitatu. Mpangaji akijiandikisha manispaa, askari wa mji huja nyumbani kuhakikisha kweli anaishi hapo. Mfanyakazi mwenye kibali hujiandikisha pia katika huduma ya afya ya taifa na kuchagua daktari wake wa kawaida.

Baada ya hapo, siku zina mpangilio wake. Maduka mengi madogo hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri. Aingiaye dukani husalimia kwanza, na atokaye huaga. Anayeruka hatua hiyo huonekana hana adabu. Kahawa hunywewa kwa kusimama kaunta, nayo ina majina ya mji huu pekee: "nero" ni espresso, "capo" ina povu kidogo la maziwa, na "capo in b" ni hiyo hiyo ndani ya bilauri ndogo. Trieste ni bandari kubwa ya kahawa, na kampuni ya Illy ilianzishwa hapa mwaka 1933. Italia ni mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, kwa hiyo jasho la mkulima wa kwetu limo katika vikombe vya nchi hii.

Majira ya baridi huja na "bora", upepo mkavu unaoshuka kwa kishindo kutoka milimani na kuzidi kilomita 100 kwa saa. Pikipiki huangushwa, na mwavuli haufai kitu. Kiangazi watu hutoka kazini wakaenda moja kwa moja Barcola, wakatandika taulo juu ya saruji kando ya bahari na kuogelea bila kulipa chochote. Karibu na katikati ya mji kuna ufuo wa kale uitwao Pedocin, ambako ukuta hutenganisha wanawake na wanaume hadi leo.

Waafrika wengi wamefika hapa kwa ajili ya elimu. Mwaka 1964 Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia ili wanasayansi wa nchi maskini wasisahaulike. Kituo hicho kinapokea watafiti wa Afrika, na kina taasisi mshirika mjini Kigali.

Upweke upo. Wakazi wengi ni wazee, na urafiki huchukua muda. Lakini bahari, viwanja na daktari wa kawaida si mali ya wenyeji peke yao. Mgeni akamilishe makaratasi mapema, ajifunze Kiitaliano, na awe na mgahawa mmoja anaokwenda kila asubuhi. Huko ndiko watu wa Trieste huzoeana.