PWEZA NA MAISHA YAKE MAFUPI

Mkaaji wa Olympic, huko Kibera, Nairobi, aliyezoea omena na ngege wa Ziwa Victoria, huenda akastaajabu akifika Mombasa jioni na kuona pweza akiuzwa pamoja na supu yake. Mnyama huyu si samaki. Hana mfupa hata mmoja, naye ni wa ukoo mmoja na konokono. Ana mikono minane, mioyo mitatu, na damu ya buluu, kwa kuwa damu yake huchukua oksijeni kwa madini ya shaba, hali yetu hutumia chuma.

Pweza mkubwa wa miamba yetu huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu. Huyaangika mayai, maelfu kwa maelfu, pangoni mwake. Kisha huyalinda na kuyapulizia maji, wala hali kitu, mpaka yaanguliwe, ndipo afe. Basi mvuvi amchomaye jike kabla ya wakati huo huua na kizazi chake chote.

Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, Bukini, yaani Madagascar, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi saba. Ulipofunguliwa, pweza waliopatikana walikuwa wazito kuliko wa awali. Wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, nao wamejaribu desturi hiyo. Shida ni kungoja: mwanamke apataye kitoweo mwambani kila bamvua hawezi kuambiwa asubiri pasipo chakula kingine, tena wezi wa usiku hawakosi.