Kutoka Kongolo hadi kaunta ya ndege: pesa huvujia wapi?

Mtu wa Kongolo akipata safari ya nje, swali la kwanza huwa tiketi ni dola ngapi. Mimi ningelipeleka swali hilo mwisho. Bei ya tiketi inaonekana, na kila ajansi itakutajia bila hiana. Kinachomaliza mfuko hukaa kati ya daraja la Lualaba na kaunta ya kampuni ya ndege: njia iliyochaguliwa vibaya, ada iliyosahaulika, na mara nyingi zaidi herufi moja ya jina.

Kwenye pasipoti, angalau, kuna nafuu. Kuanzia mwaka 2015 Mkongo alitozwa dola 185. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba katika hizo 185 serikali ilipata 65 tu, na 60 zilikwenda kwa kampuni moja ya Falme za Kiarabu. Mkataba wa Semlex ya Ubelgiji, kampuni iliyokuwa ikitengeneza pasipoti hizo, ulipokwisha mwaka 2020, bei ikashuka hadi dola 99. Mwaka 2025 ikaja pasipoti mpya, kazi ya kampuni ya Kijerumani ya Dermalog, kwa bei iliyotangazwa ya dola 75. Kwa hiyo anayekudai 185 leo anakuuzia bei ya zamani.

Hata hivyo, dola 75 ndiyo bei ya karatasi. Mwombaji lazima apigwe picha na kutoa alama za vidole mwenyewe, na kutoka Kongolo hiyo ni safari nzima, pamoja na kulala na kula. Hapo ndipo komisyonere, yaani dalali wa karatasi, anapojitokeza na ahadi zake. Jiulize unamlipa kwa kazi gani. Vidole vyako huwezi kumpa aende navyo. Anachokufanyia ni kujaza fomu na kukushikia foleni, na fomu ndiyo hasa kitu usichopaswa kumwachia mtu mwingine, kama tutakavyoona. Ukiwa na pesa ya ziada, afadhali uiweke kwenye simu za kuuliza kabla ya kuondoka: kituo kinafanya kazi wiki hii, mashine ni nzima, malipo yanapokelewa benki gani?

Sasa njia. Ziko mbili za kufikirika. Ya kwanza ni kushuka Lubumbashi, kwa reli kupitia Kabalo na Kamina kama garimoshi lipo, au kwa ndege ya ndani, halafu kupanda ndege ya nje pale uwanja wa Luano. Ya pili ni kwenda Kalemie, kuvuka ziwa hadi Kigoma, kisha Dar es Salaam kwa basi, kwa reli ya kati au kwa Air Tanzania. Zamani watu wa mashariki walikuwa na Goma pia, lakini uwanja ule ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoufikia.

Njia ya Lubumbashi ina kitu ambacho ajansi nyingi hazikitaji mpaka ufike uwanjani, yaani Go Pass, ada ya uwanja wa ndege. Ada hii ilipoanza mwaka 2009 iliwekwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, na hulipwa nje ya tiketi. Piga hesabu kwa kiwango hicho: baba, mama na watoto wawili wakiruka Kalemie hadi Lubumbashi kisha nje ya nchi, ni dola 240 kabla hawajanunua hata chupa ya maji. Na noti ziwe safi. Sisi tunajua dola yenye mpasuko mdogo pembeni inavyokataliwa; uwanjani haitapata huruma zaidi kuliko sokoni.

Dar es Salaam ni tofauti. Ada ya abiria ya uwanja wa Julius Nyerere imo ndani ya bei ya tiketi, kwa hiyo unachoona ndicho unacholipa. Viza nayo imeondoka njiani: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kenya ikafuta viza kwa Wakongo tarehe 1 Septemba 2023, na Tanzania ikafanya hivyo mwaka huohuo. Gharama ya njia hii ni muda. Mashua ya Kigoma haina haraka na upepo wa ziwa hauulizi tiketi yako ni ya lini. Aliyebeba mizigo mizito, mwenye watoto wadogo au mwenye tarehe isiyosogezeka hospitalini au chuoni, asijaribu kubana dola hapa. Mfanyabiashara mwenye begi moja na wiki ya kusubiri atafaidika. Akumbuke tu kubadilisha dola zake afikapo Kigoma, kwa sababu tangu 2025 Tanzania imepiga marufuku malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Vyovyote utakavyopita, usinunue tiketi kabla pasipoti haijawa mkononi. Na ikishakuwa mkononi, usiangalie picha. Angalia chini kabisa ya ukurasa, kwenye ile mistari miwili ya herufi na alama za <<<. Kila mstari una nafasi 44, na ndio mashine inaosoma.

Mkongo ana jina, jina la ubatizo, na katikati jina la pili, urithi wa miaka ya Mobutu, aliyepiga marufuku majina ya kizungu mwaka 1972. Fomu za kampuni za ndege zinajua nafasi mbili tu, jina la ukoo na majina mengine. Tuseme mtu anaitwa Mwamba Ilunga Joseph. Ilunga aandikwe wapi? Ajansi mmoja atambandika kwa Mwamba, mwingine kwa Joseph, wa tatu atamwacha kabisa. Jibu liko kwenye mstari wa kwanza. Kilicho kabla ya alama mbili << ni jina la ukoo. Kilicho baada yake ni majina mengine. Ukiona MWAMBA<<ILUNGA<JOSEPH, basi Ilunga anakwenda na Joseph. Ukiona MWAMBA<ILUNGA<<JOSEPH, anakwenda na Mwamba. Nakili hivyohivyo, hata kama nyumbani hamsemi hivyo. Kosa likionekana siku hiyohiyo ya kununua, ajansi hulirekebisha kwa urahisi. Likionekana kaunta, unaweza kulazimika kununua tiketi nyingine.

Herufi tatu zinazofuata P< mwanzoni mwa mstari huo ni COD, Kongo yetu. COG ni Kongo ya Brazzaville. Ukijiandikisha safari (check-in) kwa simu, kwenye orodha ya nchi Kongo hizo mbili hupangwa jirani, na kidole kilichochoka huchagua ya juu. Utakuwa umejiandikisha kama raia wa nchi nyingine. Kagua pia herufi O na sifuri katika namba ya pasipoti, na tarehe ya mwisho: nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi sita mbele.

Kujiandikisha safari kwenyewe si jambo kubwa. Kampuni nyingi hufungua siku moja au mbili kabla ya kuruka, na ukiwa na mtandao Kalemie au Lubumbashi unafanya bure kwa simu. Siberkafe itakutoza kidogo, nayo si vibaya kama unahitaji nakala ya karatasi. Kaunta nayo ni bure kwa kampuni kubwa zinazotua kwetu, kama Ethiopian, na hata ukijiandikisha kwa simu bado watataka kuona pasipoti na viza. Tofauti iko Ulaya. Ndugu zetu wa Brussels wakiruka na Ryanair bila kujiandikisha mapema, hutozwa euro 55 kaunta, wakati mwingine zaidi ya tiketi yenyewe. Mwenye safari ya kuunganisha asome masharti ya kila kampuni.

Kadi ya manjano usiisahau, na usiinunue mara mbili. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano ni ya maisha yote, hata kama kadi yako iliandikwa miaka 10. Anayekuambia imekwisha na ulipe upya anakula pesa yako. Asiyechanjwa achanjwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, jina likiandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa Nairobi, Dar es Salaam au Dubai, ukiwa na muda, pita Kigoma. Kwa Ulaya, au ukiwa na mgonjwa, pita Lubumbashi kwa tiketi moja inayounganisha hadi mwisho, na weka Go Pass pembeni tangu nyumbani. Tiketi mbili zilizonunuliwa kando huonekana rahisi, lakini ya kwanza ikichelewa, ya pili imekufa na hakuna wa kukulipa.